Jinsi ya kuukagua mtaa kwa miguu, ukiwa na tepu na saa

Mtaa hupimwa pale unapobana kuliko pote. Mita 400 za njia pana na safi hazimsaidii mtu wa kiti cha magurudumu ikiwa katikati yake kuna nguzo ya umeme iliyoacha nafasi ya sentimita 70 tu. Kwake njia hiyo imekatika, na itambidi ashuke barabarani katikati ya magari. Ndiyo maana ukaguzi wa maana hautafuti wastani. Unatafuta mahali pabovu kuliko pote, unapapima, unapapiga picha, unaandika chanzo cha ubovu, kisha unampelekea anayehusika. Mkazi yeyote anaweza kuifanya kazi hii bila kuwa mhandisi.

Vifaa na muda wa kutoka

Chagua kipande kimoja cha mita 400 hadi 500 chenye mwanzo na mwisho wenye maana kwa watu: kutoka kituo cha basi hadi shule, au kutoka sokoni hadi zahanati. Ukitaka kumaliza mtaa mzima kwa siku moja, utachoka kabla ya nusu, na vipimo vya mwisho vitakuwa vya kukisia. Beba tepu ya mita 5, daftari, chaki, simu yenye kamera na saa ya kuhesabu sekunde, ubao ulionyooka wa mita 1, na pima maji ndogo ya fundi, ile yenye povu linaloonyesha usawa. Simu nyingi zina programu ya pima maji, ila kamera iliyotokeza mgongoni huipotosha, kwa hiyo isimamishe kwa ubavu juu ya ubao.

Kabla ya kuanza, ijue hatua yako. Pima mita 50 kwa tepu, zitembee kwa mwendo wako wa kawaida, hesabu hatua, kisha gawanya. Watu wazima wengi hupata sentimita 65 hadi 80 kwa hatua. Ukishajua hilo, umbali mrefu utaupima kwa kutembea, na tepu utaiacha kwa yale yanayohitaji usahihi wa sentimita.

Pita mara nne: asubuhi watu wanapowahi kazini na shuleni, mchana jua likiwa la utosi, usiku, na mara moja baada ya mvua kubwa. Hiyo ya mvua wengi huiruka, nayo ndiyo inayofichua mengi. Dimbwi linakuonyesha mteremko uliokosewa, mtaro ulioziba, na pale watu wanapoiacha njia yao na kupita barabarani. Lipige picha maji yakiwa bado yametuama, maana kesho yake hapatakuwa na ushahidi.

Upana wa kupita

Upana unaotakiwa ni ule uliobaki wazi baada ya kuondoa nguzo, miti, mabango, meza za biashara, pikipiki zilizoegeshwa na mifuko ya takataka. Pima kutoka kizuizi hadi ukuta, au kizuizi hadi ukingo wa barabara, mahali palipobana zaidi. Vipimo vya kukumbuka ni vichache. Kiti cha magurudumu kinapita chembamba kwenye sentimita 90, na hiyo ni kwa umbali mfupi tu. Kwenye mita 1.5 kinaweza kugeuka. Kwenye mita 1.8 viti viwili vinapishana, na ndivyo ilivyo kwa watu wazima wawili waliobeba mizigo.

Kuna jambo linalosahaulika sana hapa. Mtu hatembei akigusa ukuta wala akining'inia kwenye ukingo wa barabara. Huacha sentimita 30 hadi 50 kila upande bila hata kufikiri. Njia ya mita 2 iliyobanwa na ukuta upande mmoja na uzio upande wa pili humwachia mpita njia kama mita 1.2 ya kutumia. Ukiona watu wanatembea barabarani wakati njia yao ipo kando, anza kwa kupima, usianze kwa kuwalaumu.

Kila kizuizi kiandike katika fungu lake: kinachoondoka leo (bango, pipa, chombo kilichoegeshwa), kinachohamishika kwa kibali (nguzo, kibanda, sanduku la nyaya), na kisichohama (mti mkubwa, kona ya jengo). Kwa fungu la tatu, dawa ni kuipanua njia kuelekea barabarani. Kuukata mti ili kupata nusu mita ni hasara, kwa kuwa unaondoa kivuli kilichowafanya watu wapite hapo.

Angalia na juu. Matawi, vibao vya maduka na matumbo ya ngazi yawe zaidi ya mita 2.1 kutoka chini. Halafu tafuta vitu vilivyotokeza kutoka ukutani kwa zaidi ya sentimita 10, kati ya urefu wa goti na wa kichwa: masanduku ya mita za umeme, madirisha yanayofunguka nje, mashine za kupoza hewa. Fimbo ya asiyeona hupapasa chini, kwa hiyo haiwezi kumwonya. Atakigundua kitu hicho kwa bega au kwa uso.

Sakafu ya njia

Tembea ukiangalia chini na utafute hatua zisizotarajiwa. Tofauti ya kimo ya zaidi ya milimita 6 kati ya kitofali na kitofali, au kati ya bamba la zege na jingine, inatosha kumkwaza mzee asiyeinua mguu juu. Ikizidi milimita 13, gurudumu dogo la mbele la kiti hugoma kabisa. Matundu ya wavu wa kupitishia maji nayo yasizidi milimita 13, na kama ni marefu yakatishe mwelekeo wa kutembea. Yakielekea kama watu wanavyoelekea, magurudumu membamba hutumbukia.

Andika chanzo, kwa sababu chanzo ndicho kitakachoamua matengenezo. Vitofali vilivyodidimia katika mstari ulionyooka maana yake chini yao palichimbwa kupitisha bomba au waya, kisha udongo ukarudishwa wote kwa mkupuo bila kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Ukivipanga upya juu ya udongo uleule, mvua zijazo vitadidimia tena. Vilivyoinuka karibu na mti vimesukumwa na mizizi, na hapo inafaa kupanua shimo la mti na kuweka kifusi laini kinachopitisha maji. Mfuniko wa chemba ulio chini ya usawa wa njia mara nyingi ulibaki hapo baada ya tabaka jipya kumwagwa bila mtu kuinua shingo ya chemba.

Mteremko wa upande kwa upande ndio unaochosha bila kuonekana. Unatakiwa usizidi asilimia 2: unatosha kumwaga maji, na kiti cha magurudumu hakivutwi kuelekea barabarani. Laza ubao wa mita 1 ukikatisha njia, weka pima maji juu yake, inua upande wa chini mpaka povu likae katikati, kisha pima pengo lililobaki chini ya ubao. Kila sentimita 1 ni asilimia 1. Pima hasa mbele ya mageti. Mafundi wengi huishusha njia nzima ili gari liingie kwa ulaini, na mpita njia hujikuta akipanda na kushuka kila mita kumi. Inavyofaa ni kinyume: njia ibaki tambarare mbele ya geti, na kipande kifupi cha ukingoni ndicho kimpandishe mwenye gari.

Kona na miteremko ya kushukia

Kila kivuko kinahitaji mteremko wa kushukia pande zote mbili. Mteremko wa upande mmoja ni mtego, kwani mtu hushuka vizuri, akavuka, akakuta ukingo wa sentimita 15 ng'ambo huku magari yameshaanza kuja. Kipimo kinachotumika kwingi ni 1 kwa 12: kwa kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu. Ukingo wa sentimita 15 unadai mteremko wa mita 1.8. Ukikuta mteremko wa sentimita 60 kwa ukingo huo, umekuta kitu kilichojengwa ili kionekane kipo.

Sehemu ya chini kabisa, pale zege linapokutana na lami, ndipo kasoro nyingi zinapokaa. Lami mpya ikimwagwa juu ya ya zamani huacha ngazi ndogo au bonde la maji. Angalia pia mteremko unaelekea wapi: uliokatwa kwa mshazari kwenye ncha ya kona humwelekeza mtu katikati ya makutano, na asiyeona ataufuata.

Kuhusu vitofali vyenye alama za kupapaswa kwa mguu: vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, na vya kwanza viliwekwa Okayama mwaka 1967. Lugha yake ni rahisi. Vijipu vya mviringo vinasema simama, mistari mirefu inasema endelea huku. Pima kama mstari unafika kivukoni kweli au unaishia kwenye nguzo, na kama rangi yake inatofautiana na sakafu, kwa sababu wengi wenye uoni hafifu huifuata rangi.

Kivuko: hapa tumia muda wako mwingi

Simama kwenye kivuko dakika thelathini nzima. Pima upana wa barabara kutoka ukingo hadi ukingo, halafu pima taa. Vipimo vingi vya taa vilipangwa kwa mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 14 humchukua mtu huyo sekunde 12. Mzee anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anahitaji sekunde 17 na nusu. Chukua muda kuanzia taa ya kijani ya waenda kwa miguu hadi magari yanaporuhusiwa, toa sekunde 2 au 3 ambazo mtu huzitumia kuangalia kabla ya kuinua mguu, halafu linganisha. Ukikuta sekunde zimepungua, hilo ni ombi jepesi kwa wahusika, kwani kuongeza muda wa taa hakuhitaji hata mfuko mmoja wa saruji.

Pima pia muda wa kungoja. Ukizidi sekunde 30, watu huanza kutafuta upenyo na kuvuka kabla ya zamu yao. Taa inayomsubirisha mtembea kwa miguu dakika mbili inamfundisha kutoiheshimu.

Kisha angalia kinachoonekana. Chuchumaa mpaka macho yako yawe mita 1.1 kutoka ardhini, kimo cha macho ya mtoto wa darasa la kwanza au la pili, na uangalie upande magari yanakotokea. Gari moja lililoegeshwa mita 2 kabla ya kivuko linaziba kila kitu. Mita 5 hadi 6 kabla ya kivuko pabaki wazi, na nguzo fupi au kupanua njia hadi usawa wa maegesho hulinda nafasi hiyo vizuri kuliko kibao cha katazo.

Barabara yenye njia mbili kuelekea upande mmoja ina hatari yake ya pekee. Gari la njia ya karibu linasimama kwa hisani, mtu anaanza kuvuka, na gari la njia ya pili, ambalo dereva wake hamwoni kwa sababu ya lile lililosimama, linapita kwa mwendo uleule. Michoro ya pundamilia peke yake haizuii hilo. Panahitajika kupunguzwa njia za magari, tuta, mstari wa kusimamia uliosogezwa nyuma mita kadhaa, au taa. Kisiwa cha kusubiria katikati ya barabara nacho kinasaidia sana, mradi kiwe na angalau mita 1.8 kufuata mwelekeo wa anayevuka. Chini ya hapo, kigari cha mtoto kitachungulia barabarani mbele au nyuma.

Kona nayo ipime. Ukingo uliopindwa kwa duara kubwa, tuseme la nusu kipenyo cha mita 10 na zaidi, humruhusu dereva akate kona bila kupunguza mwendo, na wakati huohuo hurefusha safari ya anayevuka. Kwenye mitaa ya makazi, mita 3 hadi 5 zinatosha.

Kupima mwendo wa magari bila mashine

Weka alama mbili za chaki umbali wa mita 50, mahali magari yanapokwenda bila kuzuiwa. Simama alama ya pili, rafiki yako asimame ya kwanza na ashushe mkono gari linapoigusa. Anza saa mkono ukishuka, zima gari linapokufikia. Gawa 180 kwa sekunde ulizopata, na jibu ni kilomita kwa saa: sekunde 6 ni kilomita 30, sekunde 3.6 ni kilomita 50. Kaeni nyuma kidogo ya ukingo na msionyeshe vifaa, kwa sababu dereva akihisi anapimwa hupunguza. Chukua magari yasiyopungua 50, ukiyaacha yaliyobanwa na foleni. Yapange kuanzia la polepole hadi la kasi, na uandike mwendo wa gari la 43. Hiyo ndiyo asilimia 85 ambayo wahandisi wa barabara huitumia, yaani mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi, na wataielewa mara moja.

Ukiulizwa kwa nini tofauti ya 30 na 50 ni kubwa hivyo, jibu kwa mita. Dereva makini huchukua kama sekunde 1 kabla ya kukanyaga breki. Kwa kilomita 30, gari lenye breki nzuri kwenye lami kavu husimama ndani ya mita 13 hivi, sekunde hiyo ikiwemo. Kwa kilomita 50, katika sekunde hiyo peke yake gari limeshakwenda karibu mita 14. Mtoto akitokea mita 13 na nusu mbele, gari la kwanza linasimama bila kumgusa, la pili linamgonga likiwa bado na mwendo wake wote. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaka ukomo wa kilomita 30 pale watembea kwa miguu na magari yanapochanganyika, na hesabu hii inaonyesha sababu.

Madaraja ya kuvukia juu

Watu wasipolitumia daraja, pima kabla ya kuhukumu. Daraja linaloruka malori huwa na kimo cha mita 5.5 au zaidi. Kwa mteremko wa 1 kwa 12, kulipanda kunadai mita 66, na kulishuka mita 66 nyingine, ili kuvuka barabara ambayo huenda ina mita 20. Kama lina ngazi peke yake, mwenye kiti cha magurudumu hana njia kabisa. Linganisha kwa saa muda wa kupita juu na muda wa kuvuka chini. Pengo likiwa dakika mbili au tatu, omba kivuko cha usawa wa barabara chenye taa.

Vijia vilivyochongwa na nyayo kwenye nyasi na matundu yaliyotobolewa kwenye uzio vichore kwenye ramani yako kwa heshima. Ndivyo vinavyoonyesha wapi njia ilitakiwa kupita.

Umbali na majengo

Pima umbali ulionyooka kwenye ramani kutoka nyumba hadi kituo cha basi, kisha umbali wa kutembea. Gawa wa pili kwa wa kwanza. Ukipata zaidi ya 1.5, kuna ukuta, kiwanja kilichozungushiwa au mtaro usio na kivuko unaowazungusha watu. Urefu wa kitalu cha majengo, yaani kutoka barabara moja hadi inayofuata, una nguvu kubwa hapa. Vitalu vya Barcelona, Hispania, vilivyopangwa na mhandisi Ildefons Cerdà mwaka 1859 vina mita 113 kila upande, vya katikati ya Portland, Marekani, vina kama mita 61, ilhali vya Salt Lake City vinafika mita 200. Ukishapita mita 200 bila njia ya kukatiza au kivuko, hesabu hapo kuwa ni kasoro.

Kuhusu majengo, hesabu milango inayotumika katika kila mita 100 za upande mmoja, na madirisha ambayo mtu aliye ndani anaweza kuona njia. Jan Gehl, msanifu wa Denmark, amesisitiza kwa miaka mingi sehemu za mbele zilizo nyembamba na zenye milango 15 hadi 20 kwa mita 100, ili mtembeaji apate kitu kipya kila baada ya sekunde chache. Mwandishi Jane Jacobs, akiandika juu ya mitaa ya New York mwaka 1961, aliutazama usalama kwa jicho hilohilo: unalindwa na macho ya watu walio madukani, vibarazani na madirishani. Ukuta mtupu wa mita 60 uandike hata kama umepakwa rangi nzuri. Rudi usiku uhesabu upya, kwa sababu duka lenye shata la bati huwa ukuta, na lenye shata la nondo huendelea kutoa mwanga.

Taa za barabarani mara nyingi zimeelekezwa kwenye lami. Simama katikati ya nguzo mbili, mwenzako asimame mita 4 mbele yako. Kama huoni sura yake, mwanga hautoshi, na kabla ya kuomba nguzo mpya angalia kama matawi yameifunika taa iliyopo. Kivuli kipime saa saba mchana: ni hatua ngapi katika mia unazitembea juani? Viti vya kupumzikia viwe kila mita 50 hadi 100 pale wazee na wagonjwa wanapopita.

Kuandika na kupeleka

Tembea tena kipande hicho na mtu anayetumia kiti cha magurudumu, asiyeona, au mzee anayekwenda polepole, na umwache yeye aongoze. Ataonyesha mambo ambayo tepu haikuyaona, na ushahidi wake una uzito ambao wako hauna.

Kila kasoro ipate mistari minne: mahali (taja jengo au nguzo iliyo karibu, pamoja na upande wa barabara), kipimo, chanzo, na kinachoombwa. Picha iwe na tepu ndani yake, namba zikisomeka. Kisha gawa orodha kwa wenye mali: barabara na taa ni za mamlaka moja, nguzo za shirika la umeme, chemba za shirika la maji, geti na bango la mwenye nyumba. Barua moja yenye kasoro thelathini za watu wanne haina wa kuishughulikia. Peleka barua nne fupi, na katika kila moja tanguliza jambo linaloweza kuua, likifuatiwa na lile linaloweza kufanywa wiki hiyohiyo bila bajeti: bango kuondolewa, tawi kukatwa, mfuniko kurudishwa, sekunde za taa kuongezwa.

Matengenezo yakifanyika, rudi na tepu ileile mahali palepale siku chache baadaye, na mara nyingine baada ya mvua. Angalia hasa kama mteremko mpya umeacha ngazi chini kwenye lami, kama nguzo iliyohamishwa imewekwa katikati ya njia mita 10 mbele, na kama udongo ulioshindiliwa umeanza kudidimia. Andika tarehe na kipimo kipya kando ya kile cha zamani.